Tendegu Lililobaki Bila Rangi

Nakumbuka siku nilipochuchumaa uani kwetu Busia, msasa mkononi, nikikwangua kitanda kikuukuu ili nikipake rangi. Nilikuwa bibi arusi wa juzi. Mume wangu, Wandera, alikuwa amekinunua Tororo kutoka kwa familia moja ya wafanyabiashara, akakileta juu ya lori la saruji, kimejaa vumbi kama kimenyunyiziwa unga. Enzi hizo bendera za uhuru zilikuwa mpya pande zote mbili za mpaka, na kila mtu alitaka na chake kionekane kipya. Rangi ya kijani tulivuka kuinunua upande wa Kenya. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nami kinyemi hicho nilikitamani.

Mwanangu, shule yangu iliishia darasa la nne, na sina hakika kama naandika haya kwa mpangilio wake. Ukiona nimeruka mahali, nivumilie.

Kwanza nilikiosha kwa maji ya majivu, yale tunayotilia mboga, yakatoa mafuta ya miaka mingi. Kisha msasa. Kilikuwa kitanda cha matendegu marefu, miguu inayopanda hadi juu ya godoro. Matatu yalikuwa na vanishi nzito iliyonitoa jasho. Nilipofika la nne, la mchagoni, upande wa kichwa, msasa haukupata cha kukwangua. Sehemu moja, upana wa kiganja, ilikuwa laini kama kibuyu cha maziwa, tena imebonyea. Nikapitisha kidole. Kitu gani kimelila tendegu hili, na kwa nini hapa tu?

Mama mkwe wangu, Mama Nabwire, alikuwa akipita na ungo wake wa wimbi. Nikamwonyesha. Pengine ingekuwa heri ningenyamaza, mpaka leo sijui. Akaweka ungo chini, akainama.

"Hii kitanda ilifunga mtu," akasema. "Angalia. Kamba imekula mti."

"Mama, labda ni..."

"Mwendawazimu. Ama mgonjwa wa kifafa. Analia, wanamfunga hapa. Halafu wewe nataka kunizalia mjukuu juu yake?"

Wandera alikuwa akinywa uji mlangoni. Akacheka. "Mama, ya kale hayanuki."

"Yananuka ukipaka rangi. Weka kijani yako, mimi naleta shoka."

Usimcheke, mwanangu. Nataka nimtendee haki. Kwa desturi yetu mama mkwe haingii chumba cha kulala cha mwanawe. Kitanda kikishavuka mlango ule, asingekiona tena maisha yake yote. Kama alikuwa na neno, pa kulisemea ni pale uani, kabla ya brashi. Na Wandera naye alikuwa na haki yake: alichoka kulala mkekani, na hicho ndicho kitanda cha kwanza alichowahi kuita chake.

Mimi niliyekuwa katikati, sitasema nilikuwa na busara. Nilitaka kujua tu. Nikasema, "Mama, twende Tororo tukaulize. Wakisema ni kamba, shoka nitalishika mimi mwenyewe."

Kesho yake tulikwenda, mimi na yeye. Bi Mwanaidi, mama wa familia ile iliyotuuzia kitanda, alikuwa dukani kwake akipima kitambaa. Tulipomwambia tumetoka kwa Wandera, alianza yeye.

"Mmekuja kurudisha kitanda? Kitanda si mke, jamani, hakirudishwi kwao!"

Hata mama mkwe nusura acheke. Nikamweleza habari ya pale palipolika. Mikono yake ikasimama juu ya kitambaa.

"Mchagoni? Upande wa kulia?"

"Ndiyo."

"Huyo ni baba mkwe wangu." Akavuta kigoda, akaketi. "Miguu ilimkataa uzeeni, naye hataki kuinuliwa na mtu. Kila alfajiri akisikia adhana, anashika hapo, anajivuta mwenyewe mpaka anaketi kusali. Miaka, dada zangu. Na sitawaficha, hapo hapo ndipo alipofia, mkono umeshika."

Angeweza kuficha, mwanangu; kitanda kilikwisha kuuzwa. Nikaliona shoka lile mbele ya macho yangu.

Mama mkwe akamsogelea. Kisha akauliza, "Alikufa mzee?"

"Mzee sana."

"Watoto walikuwa wapi?"

"Tulimzunguka wote."

Mama Nabwire akajifunga leso yake upya kiunoni. "Mimi bwana yangu alifia barabarani, peke yake. Kufa kitandani, watu wako iko karibu, si balaa hiyo. Hiyo baraka." Akampa Bi Mwanaidi mkono. "Pole, dada yangu." Wakashikana muda mrefu, mimi nikitazama kitambaa.

Tuliporudi nyumbani nikakipaka kijani. Nilipofika pale palipobonyea, nilisita, nikamtazama mama mkwe.

"Acha hapo," akasema.

Rangi ilipokauka, kabla hawajakiingiza ndani, aliweka kiganja chake pale mara moja, kikaenea. Akakisindikiza hadi kizingitini, akasimama.

Kitanda hicho ndicho ninachokilalia hata leo. Kijani kilifunikwa na bluu, bluu ikafunikwa na rangi ya maziwa, kila binti yangu alichagua yake. Pale brashi haijapagusa. Asubuhi hizi magoti yangu yameanza ubishi, nami nashika hapo, najivuta. Naona pamezidi kubonyea, wala siwezi kusema ni mkono wa mzee yule au ni wangu.

Basi nisikie, mwanangu, kama nastahili kusikizwa. Ukipata kitu kilichotumiwa na wengine, kipake rangi uipendayo. Ni chako sasa. Lakini kabla hujafungua kopo, pitisha kidole. Palipolika pana mtu. Uliza ni nani, hata kama unaliogopa jibu, maana hofu isiyouliza ndiyo hukimbilia shoka. Na ukishamjua, mwachie mahali pake.

Mungu akujalie kitanda chako mwenyewe, na alfajiri nyingi za kuamkia juu yake. Na itakapofika ile ya mwisho, mkono wako upate pa kushika, na watu wako wawe wamekuzunguka. Amina.