Uwanja wa Kuanikia Mazulia

Bei ya kufua zulia nilikuwa naipanga kwa kuangalia bati. Mteja akipiga simu simwulizi zulia lake lina ukubwa gani, namwuliza anakaa mtaa gani, na guta letu la kubebea mizigo likifika mlangoni kwake macho yangu yameshapanda juu kabla hatujamaliza kusalimiana. Bati la zamani lenye kutu, bei ya chini. Bati jeupe jipya, bei ya kati. Bati la msauzi, lile la rangi linaloonekana tangu barabarani, hapo nilikuwa nameza mate kwanza ndipo nitaje. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye nilianza naye kazi hii, alikuwa ananicheka mbele ya wateja bila aibu.

"Wifi, sisi tunafua zulia au tunafua paa?"

Sikumjali. Mpanda ilikuwa inajengwa mbele ya macho yetu. Waliovuna mpunga vizuri huko Kasansa walikuja mjini kununua viwanja, waliobahatika kwenye dhahabu nao walinunua, wafanyakazi waliohamishiwa mkoani walitafuta vyumba kwa udi na uvumba, na Ilembo, ambako zamani ungekutana na mahindi tu, ilianza kuota nyumba katikati ya mashamba. Nyumba mpya ina marumaru, na marumaru za asubuhi ya kiangazi ni baridi, kwa hiyo anayekaa humo hununua zulia. Zulia likishaingia, vumbi letu jekundu linajua kazi yake. Kila nilipoona mafundi wanapandisha kenchi za paa, moyoni nilishaliona zulia chini yake, na bei nimeshaipanga.

Kazi tulifanyia kwenye kiwanja cha mzee mmoja mkulima. Familia yake ilitoka Burundi miaka ya nyuma, wakapata uraia, na yeye kwa jasho la tumbaku akanunua kiwanja mjini, akakiacha bila kujenga. Alitukodisha kwa bei ya huruma. Kilikuwa pembeni ya barabara, kimenyooka, kina bomba, na jua lilikipiga toka asubuhi mpaka jioni bila kizuizi. Mfuaji wa mazulia anaweza kukosa mashine akatumia brashi na magoti yake. Akikosa jua hana kazi. Zulia nene likilala na maji linanuka, na mteja aliyelisikia likinuka harudi tena. Tulichimbia nguzo pale, tukafunga kamba, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiamka naona kama Mungu amenisikia.

Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi. Mume wangu anasema nikikosa cha kuhofia naazima cha jirani. Kwa hiyo kodi za vyumba zilipoanza kupanda mjini nilizifuatilia kuliko hata wapangaji wenyewe. Mwenye nyumba mmoja akisikia jirani yake kapandisha, naye anapandisha, bila kuongeza hata kitasa. Hapa kwetu mpangaji analipa miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo habari mbaya inamkuta siku mkataba unapoisha, na hapo anaamua kukaa au kuhama. Mwanzoni nilifurahi, kwa sababu anayehama anafua zulia. Nikapandisha na mimi. Nikamwambia wifi kwamba kama vyumba vimepanda, sisi hatuishi porini Sitalike pamoja na viboko, na sisi tumo mjini humu humu.

Siku moja tulienda kwenye nyumba yenye bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee, linang'aa kama limepakwa mafuta. Mlangoni alisimama mwalimu, msichana mdogo tu, amepanga chumba na sebule upande wa nyuma. Nikatazama juu, nikataja bei. Yeye akanitazama mimi, kisha akatazama kule nilikokuwa natazama.

"Dada, bati ni la mwenye nyumba," akasema. "Langu ni zulia tu."

Wifi alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Mimi nilikasirika, na nikikasirika nakuwa mgumu kama msumari, nikamwambia mwalimu bei ni hiyo hiyo. Akalikunja zulia lake akalirudisha ndani. Jumamosi nikapita nikamwona analisugua mwenyewe uani, sketi ameifunga kiunoni, na povu limejaa mpaka njiani.

Baada yake wakafuata wengine. Chumba kikipanda, mpangaji hapunguzi chakula kwanza, wala bando la simu. Anatupunguza sisi. Nilikuwa nimeona nyumba zinaongezeka nikadhani pesa ya zulia inaongezeka, kumbe ilikuwa inatoka sebuleni inaingia mfukoni kwa mwenye paa. Nikashusha bei kimya kimya, bila kumwambia wifi, ambaye alijua siku ile ile.

Hapo likatokea jambo lingine. Watu walianza kuhama kutoka chumba na sebule kwenda chumba kimoja, na zulia la sebule halikunjuki kwenye chumba kilichojaa kitanda. Wakawa wanaleta kufua, likikauka wanatuomba tuwatunzie. "Nikipata chumba kikubwa nakuja kulichukua, dada," kila mmoja alisema. Wifi hajui kukataa mtu. Kibanda chetu cha mabanzi kikajaa mazulia yaliyoviringishwa, na zulia lililoviringishwa muda mrefu linaingia panya na harufu, kwa hiyo kila siku ya jua tulikuwa tunayatoa tunayaanika upya. Aliyekuwa anapita barabarani aliona kamba zetu zimejaa toka mwanzo mpaka mwisho, mekundu, ya bluu, yenye maua, na alituonea wivu. Wengine walisimamisha pikipiki kutupongeza. Mengi ya yale mazulia hayakuwa na faida yoyote kwetu.

Ndipo mzee mwenye kiwanja akaja, na hakuja peke yake. Alikuja na dalali, kijana wa miwani myeusi ambaye mji mzima ulimjua kwa kupandisha kodi za watu. Mzee alitusalimia kwa upole wake wa siku zote, akauliza habari za watoto. Dalali hakuuliza habari za mtu. Alipita katikati ya kamba, anagusa zulia hili, anafunua lile.

"Mama, naona kazi imechangamka sana," mzee akasema.

"Tunashukuru Mungu, mzee," nikajibu.

"Nitakuja Jumapili, nikitoka kanisani. Tuongee kidogo."

Walipoondoka nilikaa chini juu ya ndoo. Nilijua anachotaka kuongea. Nani katika mji huu alikuwa hajapandishiwa? Na mimi nilijua jinsi mtu anavyopanga bei kwa kuangalia, kwa sababu nilikuwa fundi wa kazi hiyo. Dalali ameona kamba zimejaa, ameshapanga. Nilimweleza wifi kwamba Jumapili tusianike hata kitambaa. Mzee akute kamba tupu, atuonee huruma, aache kodi ilivyo.

"Wifi, mzee si mtu mbaya," akasema. "Si umwambie tu ukweli, kwamba haya ni ya kutunza?"

"Utamwambia mwenye kiwanja kwamba kiwanja chake umekigeuza stoo ya bure?"

Jumapili asubuhi tulibeba. Mengine tuliingiza kibandani mpaka mlango ukagoma kufunga, mengine kwa jirani, mengine kwenye banda la kuku la jirani huyo huyo, na kuku wakatoka wakilalamika. Matatu yalikuwa bado na maji. Nikayakunja hivyo hivyo, maji yananichuruzika miguuni, naomba mzee asichelewe. Jasho lilinitoka.

Mzee alifika na suti yake ya kanisani, Biblia kwapani, peke yake. Alisimama akatazama kamba. Upepo ulikuwa unazitikisa tupu. Akazunguka uwanja mzima pole pole, akarudi, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, niliiona.

"Pole sana, mama. Kumbe kazi imekufa namna hii?"

"Hali ngumu, mzee," nikasema. "Wateja wamepungua." Na moyoni nikaanza kushangilia.

Akavuta pumzi, akakaa kwenye ile ndoo.

"Mimi nimekosa usingizi kwa ajili yenu. Wanangu wananiambia, mzee, jenga vyumba pale, vyumba vinalipa. Yule kijana naye ananisukuma. Mimi nikawaambia, hapana, nyie hamjui, yule mama ana kazi kubwa pale, nimeona kwa macho yangu, nikimtoa nitakuwa nimemwua. Nilikuja leo kukwambia ukae, tuandikiane mkataba hata wa miaka. Lakini kama kazi yenyewe haipo..." Akatazama kamba tena. "Basi naona Mungu amenirahisishia. Si kosa lako, mama. Biashara ndivyo zilivyo."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, mgongo ameuegemeza kwenye mlango ili mazulia yasimwagike nje, ananitazama. Niseme nini? Niseme kazi ipo, mzee, nimeificha kwenye banda la kuku? Nilisema tu, "Mzee, kazi si kwamba imekufa kabisa."

"Usijitese, mama," akasema, akanishika bega. Akatupa muda mpaka mvua zipite, na akatusamehe kodi ya muda huo wote. Nilimshukuru. Nilimshukuru mtu aliyeninyang'anya jua langu, tena kwa unyenyekevu, magoti nimeyakunja.

Wifi hakunisema siku ile. Tulitoa yale matatu yaliyokuwa na maji, yakawa yameshaanza kunuka, tukayafua tena.

Mvua zilipokatika mafundi walikuja. Niliwaona wakinyoosha uzi pale pale tulipokuwa na kamba, na nguzo zetu waliziegemeza ukutani mwa jirani kwa adabu. Sisi tulihamia mwisho wa Ilembo, kwenye kipande cha shamba cha bwana mmoja anayelima mahindi upande wa pili. Maji tunachota kisimani. Wateja wengine walituacha kwa sababu ya umbali. Bei nimeacha kuipanga kwa bati. Naangalia zulia lenyewe, unene wake na uchafu wake, na namwuliza mteja kama nyumba ni yake au amepanga. Wengine wanakasirika kuulizwa hivyo.

Vyumba vya mzee vilipokamilika vilipata wapangaji haraka, na mmoja wao akatuletea zulia. Alisema chumba chake kina unyevu, hakipati jua hata kidogo, ukuta wa jirani umelikinga, na zulia limeanza kuota ukungu kwa chini. Nikamwuliza ni chumba cha ngapi kutoka barabarani. Aliponieleza nilijua mahali pake kabisa. Hapo ndipo tulipokuwa tunaanika yale mazito, yasiyokauka kwingine. Nililifua kwa bei ya chini kuliko zote na nikaliacha juani mpaka wifi akaniuliza nalitaka la nini.

Sasa huku mwisho wa Ilembo nako nyumba zimefika. Mwezi uliopita nimeona mawe ya upimaji upande wa chini wa mahindi, mawili, yamepakwa rangi nyeupe kichwani. Tangu siku hiyo kila asubuhi nasimama mbele ya kamba sijui nifanye nini. Nikianika yote, bwana mwenye shamba ataona tumetajirika, atapandisha. Nikiacha kamba tupu, ataona uwanja hauna kazi, atajenga. Kwa hiyo naanika nusu. Wifi ananiletea zulia namwambia bado, nasubiri, natoa moja nalirudisha ndani, naongeza lingine, mpaka ananiuliza kama nimerogwa. Mengine yanalala kibandani na unyevu wake, nami nakaa nayasikia harufu.

Juzi bwana mwenyewe alipita na pikipiki. Akapunguza mwendo, akasimama, akatazama kamba zangu bila kuzima mashine.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri," nikasema. "Tunasukuma."

Akatazama tena, kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha akasema, "Haya," akaondoka. Nimejaribu kulisikiliza hilo "haya" kila namna. Mpaka leo sijui aliona mengi au aliona machache.