Tambi za Siku ya Mawingu

Asubuhi ile Awoi alichemsha chai ya maziwa ya mbuzi, akasahau sukari, na mumewe Lotiir akainywa hivyo hivyo. Jua lilikuwa limeshapanda. Kakuma ilikuwa imeshaanza kuwaka kama kila siku. Awoi alikuwa anasafiri kwenda Lodwar kwa binti yao, Nakeno, aliyejifungua mtoto wa kike, na bibi gani atakaa mbali na mjukuu ambaye hajampakata?

Wakatoka pamoja hadi barabarani. Awoi alitangulia kama siku zote, kwa kuwa miguu yake ilikuwa na haraka na mdomo wake ulikuwa na maneno. Lotiir alifuata nyuma na fimbo yake na kigoda chake kidogo cha mti, kile ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kulazia kichwa usiku.

"Ule mbuzi mweupe iko na kidonda mguuni," Awoi alisema bila kugeuka.

"Nimeona."

"Utapaka dawa?"

"Mm."

"Na Mama Bior ameniomba tambi kabla arudi kwao. Nimemwambia siku ya kwanza ya baridi. Akipita, mwambie sijasahau."

"Mm."

"Mm, mm!" Awoi akasimama, akacheka mpaka shanga za shingoni zikalia. "Lotiir, wewe siku ukikufa, watu watajua na nini?"

Gari likaja. Awoi akapanda na kibuyu chake cha samli, vumbi likainuka, likatua. Lotiir hakupunga mkono. Wazee wa rika lake hawapungi mikono. Alirudi nyumbani kumpaka mbuzi dawa.

Malaria ilimkuta Awoi huko Lodwar. Habari zilipofika Kakuma, na Lotiir alipopata gari, alikuta mkewe ameshafunikwa mchanga, si mbali na mto Turkwel. Alisimama hapo na mjukuu mikononi. Kisha akanyoa kichwa, akarudi kwake, akafunga mlango wa kibanda cha jikoni kwa kamba ya ngozi. Kikakaa hivyo.

Habari ya tambi ilianzia Lodwar hiyo hiyo, zamani, Awoi akiwa msichana anayechota maji jikoni kwa masista. Alikuwepo sista mmoja mzee kutoka Italia ambaye kila wingu likipita juu ya Lodwar aliikumbuka nyumba ya mama yake. Akikumbuka, alimwaga unga wa ngano juu ya meza, akatoboa shimo katikati, akavunja mayai humo. Awoi alitazama mikono ile. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemfukuza.

Alipoolewa alikuja na ujuzi huo kama wengine wanavyokuja na shanga. Lakini aligundua jambo ambalo sista alilijua bila kulisema: tambi za mkono hazitaki jua. Unga ukikandwa katika joto la Turkana hukauka kabla mkono haujatoka ndani yake, na tambi hupasuka kama matope ya laga, mto wa msimu, maji yakishakwenda. Basi Awoi alingoja. Siku ambayo mawingu yalishuka, upepo ukaja na maji, mbuzi wakabanana ukutani, watu wengine walitafuta blanketi. Awoi alitafuta mayai.

Majirani walijua. Mzee Esekon, wa rika moja na Lotiir, aliziita minyoo ya sista, na alikula sahani mbili. Ukame ulipomaliza ng'ombe na wao wakahamia Kakuma, Awoi akafungua kibanda cha chakula karibu na kambi ya wakimbizi. Siku za joto aliuza maharagwe na chapati. Huko ndiko alikokutana na Achol, mjane kutoka Sudan Kusini, mama yake Bior. Hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili cha kuokota, lakini waliweza kucheka nacho kutwa.

Na Lotiir? Lotiir alikaa nje. Mwanamume wa rika lake haingii mahali mke anapopikia, haulizi kilichomo, hafunui sufuria. Siku za tambi aliweka kigoda chake karibu na ukuta wa makuti, kwa sababu ukuta ulikuwa na joto la moto wa ndani, akakaa hapo na blanketi hadi masikioni, akisikia. Kazi yote ya mkewe aliijua kwa sikio. Kuiona, hajawahi kuiona.

Mwaka mpya ukaingia, uchaguzi ukapita, na mwezi wa nne mvua ikaja kwa nguvu kama mtu aliyechelewa. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi milima haikuwepo. Mahali pa milima palikuwa na ukungu tu, mweupe kama maziwa, na mbuzi walitembea ndani yake bila miguu. Lotiir alitoka, akaona pumzi yake mwenyewe ikielea mbele ya uso. Alisimama akiitazama. Ilikuwa siku ambayo mtu angeweza kukutana na yeyote.

Aliyetokea kwenye ukungu alikuwa Achol, mrefu, amejifunika shuka, miguu imejaa matope.

"Ejok, Baba Nakeno."

"Ejok, Mama Bior."

"Nimekuja kuaga. Lori inaenda Loki leo, halafu mpaka. Ile laga ya mbele imejaa, dereva anangoja maji ipungue. Mchana, anasema. Bior amejenga nyumba kule Bor. Anasema mama rudi, tuko na nchi yetu sasa."

"Vizuri."

Achol akatazama angani, akatazama mlango uliofungwa kwa kamba ya ngozi, akatazama chini. Hakusema neno la tambi. Mtu mwenye adabu hamdai marehemu.

Lakini Lotiir alikuwa na ujumbe aliopewa barabarani, na hajawahi kuufikisha. Kwao kuna neno kwamba chakula alichoahidiwa msafiri kisipoliwa, njia humlalamikia aliyeahidi. Njia ikimlalamikia Awoi, huko aliko, atajibu na nini? Na nani atamjibia? Achol akishavuka mpaka, basi.

"Mama Nakeno anasema hajasahau," Lotiir alisema. "Pita kabla ya lori."

Achol akainua macho. "Nani atapika?"

"Pita tu."

Alinunua unga na mayai dukani kwa Msomali. Akafungua ile kamba. Ndani palinuka moshi wa zamani. Kibao kilikuwa mahali pake, kisu mahali pake, na chupa tupu ya soda ambayo Awoi alisukumia ilikuwa imelala kama mtoto. Lotiir akainama, akaingia.

Esekon, aliyekuwa akipita na blanketi lake, aliona kisigino tu kikiingia. Akasimama.

"Lotiir! Umeingia kwa jiko?"

Ndani kibao kikawekwa chini.

"Wee Lotiir! Leo umeolewa? Nani amekuoa, nimdai mahari?"

"Ondoka."

"Siondoki. Nikiondoka nitamwambia nani hii maneno aniamini?" Esekon akaweka kigoda chake pale pale ukutani, akakaa.

Ndani, Lotiir alifumba macho. Alisikiliza. Siku ya tambi ilianza na nini? Ilianza na unga kumwagika, shaaa, kama mchanga unaoteremka. Akamwaga. Kisha mayai: tak, tak. Akavunja, maganda yakaingia, akayatoa na kucha. Kisha sauti nzito ya kiganja, pu, pu, pu, kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni kwa mapenzi. Hiyo ilikuwa ndefu. Akakanda. Mwanzo ilikuwa matope, ikamshika vidole, ikapanda hadi kifundo cha mkono. Sauti haikuwa yenyewe. Akaongeza unga, akakanda, jasho likamtoka katika baridi ile, hadi sauti ikabadilika, ikawa pu, ile yenyewe kabisa, na vinyweleo vya mikono vikamsimama. Alifungua macho kuona kama yupo peke yake.

Akachukua chupa, akasukuma. Donge likafunguka, kisha likajirudi. Akasukuma tena, likajirudi. Lilikuwa kama mbuzi anayekataa kamba, unamvuta huku anarudi kule. Akalilazimisha likachanika. Akalikusanya, akalipiga, akasukuma, likachanika tena.

"Imekufa?" Esekon aliuliza kutoka nje.

"Nyamaza."

Mvua ndogo ilianza juu ya makuti. Lotiir akakaa chini na mikono meupe. Akilini alimwona Achol anapanda lori na tumbo tupu. Aliona njia ndefu, nyekundu, inafungua mdomo wake na kulalamika. Akarudia kazi moyoni, sauti baada ya sauti. Unga. Mayai. Kiganja. Chupa. Hakuacha kitu. Unga, mayai, kiganja, halafu...

Halafu Awoi aliimba.

Si kuimba kwa watu. Alivuta wimbo puani, polepole, na wimbo wenyewe ulikuwa wa fahali wa Lotiir, yule mwenye rangi ya majivu aliyekunjwa pembe akiwa ndama hadi zikakutana juu ya kichwa kama mikono ya mtu anayecheza. Lotiir aliutunga akiwa kijana. Fahali alikufa na ukame. Tangu hapo Lotiir hakuuimba, na kila Awoi alipouvuta puani yeye alikaa nje ya ukuta akidhani mke wake amechoka, anapumzika, anajifurahisha. Hakuwahi kuuhesabu kuwa ni kazi; kumbe donge nalo lilikuwa likipumzika.

Akafunika donge kwa kitambaa cha Awoi. Akafungua mdomo.

Sauti ilikuwa na kutu. Ilitoka, ikakwama, ikatoka tena. Ng'ombe wa majivu, unayekwenda mbele ya mvua. Nje, Esekon aliyekuwa tayari na mzaha mwingine aliufunga mdomo. Wimbo ule ulikuwa mrefu. Fahali alitoka Nakalale akapita nyanda, akapita miti ya miiba, mvua ikimfuata nyuma kama mbwa mwaminifu, na ng'ombe wa watu walioliwa na ukame waliinuka mmoja mmoja mavumbini wakamfuata. Pale fahali anapofika majini na kukataa kunywa hadi mwenye kumtungia amguse pembe, sauti ya pili iliingia kutoka nje ya makuti, kavu, ya kizee. Esekon alikuwa akiitikia, kama walivyoitikiana wakiwa vijana na manyoya vichwani. Ukungu ulikuwa umeingia hadi mlangoni. Lotiir hakujua tena yuko upande gani wa ukuta, wa ndani au wa nje, na ni nani anayekanda na ni nani anayesikia.

Fahali alikunywa. Wimbo ukaisha.

Alifunua kitambaa, akaweka chupa. Donge likaenda. Likaenda kimya, likalainika, likatanda juu ya kibao kama ngozi ya mwanakondoo, na halikurudi.

Akakunja, akakata kwa kisu, akatundika tambi kwenye kamba aliyoifungua mlangoni. Hazikupasuka. Zilining'inia hapo katika baridi, za manjano. Akachemsha maji. Akakaanga kitunguu kwa samli, na nyama kidogo ya kukaushwa.

Achol alifika na mzigo kichwani. Walikaa mlangoni, yeye, Lotiir na Esekon, ambaye hakuna aliyemkaribisha. Achol akaokota tambi moja kwa vidole, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nene kama kamba ya kufungia ndama.

"Baba Nakeno, kukata hivi nani amekuonyesha?"

"Hivi ndivyo alikata. Miaka yote nimekula hivi."

"Wewe ndiyo umekula hivi. Mimi sijawahi. Zangu zilikuwa kama uzi. Za wateja, kama uzi."

"Zangu pia," Esekon alisema na mdomo uliojaa. "Mimi nimedhani ni mkono ya mwanaume imeharibu."

Lotiir akatazama sahani. Akaweka kijiko chini. "Basi si zile alizokuahidi," alisema. "Nimekosea."

Achol akaokota nyingine. Alikula. Alikula taratibu, akitafuna kila moja, hadi akafuta sahani kwa kidole na kukilamba. Barabarani honi ya lori ililia. Laga ilikuwa imepungua. Akasimama, akaweka mzigo kichwani, akashika mkono wa Lotiir uliokuwa bado na unga kwenye kucha.

"Zimefika," alisema. "Kule njiani hakuna mtu atalalamika. Lakini sikia. Mimi nilikuwa nakaa naye huko ndani, wewe huku nje. Nilikuwa naona anakata mafungu mawili, nyembamba ya watu wote na moja nene peke yake. Siku moja nikamwuliza, hii ni ya nani? Nitakuambia vile alisema, siongezi, sipunguzi. Alisema: 'Mzee wangu namkatia nene. Mtu hana maneno. Acha basi atafune polepole, nipate kumtazama.'"