Kofia Niliyoishona kwa Vidonge

Moyo wangu mimi hauna neno. Nataka hilo lijulikane mwanzo kabisa, maana hapa mtaani kwetu Mji Mkongwe ilishatangazwa kuwa nna moyo mbovu, na watu wakaanza kumpa mke wangu pole kama mjane. Kilichovimba ni ile ngozi nyembamba inayoufunika moyo. Moyo wenyewe ulikuwa ndani, unapiga kazi zake.

Kazi yangu ni kushona kofia za viua, zile za vitobo vya kutariziwa, kwa mkono, na kazi hiyo ndiyo iliyonificha maradhi. Nakaa juu ya mkeka, nimeinama, kitambaa gotini, kutwa nzima. Sikujua kwamba kuinama mbele ndiko kunakoyatuliza maumivu yale. Nikishona, mzima. Nikijinyoosha baada ya chakula cha mchana, ninachomwa kifuani kama kwa msumari, na nikivuta pumzi msumari unagongwa.

"Ajabu hii," mke wangu akasema. "Ukiwa na kofia yako huumwi. Ukiambiwa upandishe ndoo ya maji ghorofani, moyo!"

Ukweli mimi si mtu wa kutoka. Wazungu wanapanda ndege kuja pwani ya Paje kuruka na matiara, vile vishada vikubwa, baharini, na mimi niliyezaliwa kisiwa hikihiki sijapaona. Kwa hiyo kunifikisha hospitali ilikuwa kazi ya mke wangu na dada zake wawili.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu. Aliniamkia shikamoo vizuri, kisha akaniambia nilale. Nikamwambia siwezi. "Basi inama mbele, mzee." Kuinama tena! Hilo ndilo ninalolijua. Akaweka kipimo kifuani, akasikiliza. "Inakwaruza," akasema, "kama viatu vipya vya ngozi." Akauliza kama nilipata mafua karibuni. Nilipata, kama wiki tatu nyuma. Akasema mara nyingi vijidudu vya mafua ndivyo vinavyouanzisha uvimbe huo, mara nyengine kifua kikuu, na mara nyengine sababu haijulikani. Kifua kikuu wakanipima, sina.

Nikapewa dawa ya kutuliza uvimbe, ya kumeza nikishashiba, na kidonge kidogo ambacho hupewa pia wagonjwa wa jongo, wale wanaovimba viungo, miezi mitatu. "Na asifanye kazi nzito," daktari akamwambia mke wangu.

"Hilo, daktari, alishaanza zamani kabla hajaumwa."

Wiki ya tatu maumivu yakaondoka. Sasa, chini yetu anakaa mzee mmoja mwenye jongo, dole gumba la mguu limeiva kama pilipili. Siku moja alikuja kunijulia hali, akaiona pakti yangu dirishani. "Mwanangu, hii si ndiyo dawa yangu? Mimi imenishia." Nikampa yote. Kwetu hapa mtu hanyimwi chumvi, atanyimwa dawa? "Chukua, mzee, mimi nshapona." Siku ile nzima nilijiona mtu wa peponi.

Yeye akavimeza kwa kipimo chake mwenyewe, akashinda chooni siku mbili. Mimi mwezi haukwisha, msumari umerudi.

"Vidonge viko wapi?" daktari akauliza.

"Nlimpa jirani."

"Jirani anaumwa moyo?"

"Dole."

Aliweka kalamu chini. Kisha akasema maradhi haya yana tabia ya kurudi, na mwenye kuacha dawa katikati ndiye anayeyafungulia mlango. Safari hii miezi sita. Yakirudi tena, dawa zitakuwa kali zaidi, na maji yanaweza kujaa ndani ya ile ngozi na kuubana moyo. Mke wangu hakutania njiani kurudi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi yake nilianza kofia mpya, nikajiwekea sharti: kidonge hakijamezwa, sindano haishikwi. Mimi shule niliishia kidato cha nne na sikumbuki kumaliza hata daftari moja. Lakini mikono yangu bila sindano inawasha. Basi kila siku chai, kidonge, sindano. Ndoo tukaipandisha kwa kamba, mke wangu anavuta, mimi nasimamia kwa mdomo.

"Mwanangu!" yule mzee ananiita kutoka chini.

"Naam!"

"Vimebaki?"

"Vimebaki vyangu!"

Naye anacheka, maana keshapelekwa kwa daktari wake. Mwezi wa nne, nilipokuwa mzima kama kigongo, mkono uliipita pakti mara moja ukaenda kwenye sindano. Mke wangu alikuwa mlangoni. Nikaurudisha.

Kofia ilikwisha wiki ileile vilipokwisha vidonge. Mteja aliitaka, nikamwambia ina mwenyewe. Niliivaa kwenda hospitali, nikaitandaza kwenye kitanda cha kupimia ili daktari aione kazi, na yeye akaniambia niiondoe nilale. Nikalala chali, kofia tumboni. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Haikwaruzi. Umemaliza, mzee. Inuka."

"Niache nilale kidogo," nikamwambia.

Nikavuta pumzi mpaka kofia ikanyanyuka.