Ancha na Kebo ya Gesi

Ancha wa Palma alizika waume wawili, akamwacha wa tatu kwa kukoroma, na kwa miaka thelathini alivua pweza kwa chuma chenye ndoano. Mdomo wake ulijulikana hata Quionga. Kwa hiyo gesi ilipoonekana kilindini, na wakubwa wa kampuni wakaitisha mkutano kueleza habari ya kebo ya umeme itakayotoka pwani kwenda visimani, mkuu wa mtaa alimkalisha nyuma kabisa. Haikusaidia.

Mhandisi Ricardo, mtu wa Maputo, alitandaza ramani. Mfereji wa kebo utachimbwa hapa, akasema, maana hapa pana mchanga mtupu.

"Mchanga mtupu!" Ancha akaangua kicheko. "Na makalio yangu haya yamenenepa kwa kula mchanga?"

Ricardo akangoja watu wanyamaze. "Mama, meli yetu imepima."

"Ilipita maji yamejaa, senhor. Hata mimi ukiniona ndani ya baibui utadhani msichana. Njoo siku ya bamvua, maji yakitoka."

Akaja kweli, na Deolinda, mtaalamu wa mazingira. Hawakufika mbali, buti la Ricardo likazama topeni, likabaki humo. Ancha alicheka hadi akakaa chini. Kisha akawatembeza peku juu ya majani ya bahari: hapa kombe, hapa vitoto vya samaki changu, na kule kwenye mkondo ndiko kwenye mchanga mtupu. Penye kigingi chekundu kilichoonyesha njia ya kebo akachomeka chuma shimoni, akavuta pweza, akamtupia Ricardo kifuani.

"Muulize huyu kama yupo."

Pweza akamkumbatia shingo. Ricardo akamwita mama yake kwa Kireno. Hilo Deolinda hakuliandika. Mengine yote aliyaandika.

Wakati wa kurudi, Ancha alimnong'oneza Deolinda: "Mwanangu, nilikuwa natetemeka. Mimi sikusoma. Lile shimo lingekuwa tupu, leo ningechekwa mimi."

Baada ya miezi saba ramani mpya ikaja: kebo imepindishwa, inapita kwenye mkondo wenye mchanga wa kweli, palepale alipoonyesha Ancha. Siku za kuilaza, wanawake walizuiwa kushuka pwani wiki sita, naye akawatukana walinzi kila asubuhi, bila kukosa hata Ijumaa.

Deolinda alimletea ripoti aweke dole gumba. Ancha akataka asomewe kila mstari. Walipofika penye "mkazi mmoja wa eneo", akamzuia.

"Mkazi gani? Hana jina?"

Deolinda akakata maneno yale, akaandika juu yake: Ancha Abudo, mvuvi wa pweza.

"Sasa lete wino," akasema Ancha.