Waziri Niliyemuuguza

Baba mkwe wangu wa Busia alipopoteza macho alinikabidhi dunia nzima, nami nikaiharibu kwa adabu.

Nilikuwa mwalimu Tororo. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli na gazeti la Kiingereza mfukoni, nikamsomee kwa Kiswahili, maana yeye Msamia na mimi Mteso wa Merikit, na lugha ya kukutana ilikuwa hiyo. Kati ya wakubwa wote wa duniani alimpenda waziri wa mambo ya nje wa Uturuki. Nilimsomea jinsi alivyokaa na Waingereza na Wagiriki kubishania kisiwa cha Saiprasi, na mzee akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Huyu najua kuketi na Mzungu," alisema. Sisi wenyewe tulikuwa bado chini ya Mwingereza, kwa hiyo neno hilo halikuwa dogo.

Askari wa Uturuki walipoipindua serikali na kumpeleka waziri mahakamani, mzee hakutikisika. "Mdomo yake itamtoa."

Haikumtoa. Jumamosi moja mwaka wa sitini na moja nilifungua gazeti nikakuta wamemnyonga.

Kwetu kifo hakimwagwi kama maji ya kuogea. Husemwa fulani anaumwa, kesho amezidiwa, kisha watu huketi matanga. Tena mzee alikuwa mkwe, na kutaja kitanzi mbele ya mkwe niliona ni kumvunjia heshima. Nikasema, "Baba, yule waziri ni mgonjwa." Nilidhani wiki ijayo ningemalizia.

Mpumbavu mimi! Kesho yake kanisani mzee alisimama na fimbo yake akaomba waumini wamwombee Mturuki mgonjwa. Kanisa zima lilipiga magoti, nami nikapiga nao nikiona haya hadi masikioni. Tulipotoka, Mkenya mmoja muuza sabuni, aliyevuka mpaka kila siku, alimshika mkono kwa upole.

"Mzee, huyo hayuko tena. Walimnyonga. Iko kwa gazeti."

Watu wakacheka, si wengi, lakini walitosha. Mzee aligeuza uso kunitafuta upande ambao sikuwapo.

"Mkwe, wewe nasoma gazeti ama natunga yako?"

"Baba, nilikuwa natafuta njia ya kukuambia."

"Na ile ya Saiprasi? Kweli alikwenda?"

Niliapa kwamba yote mengine yalikuwa kweli. Alitikisa kichwa kama unavyomsikiliza mtu anayekuuzia ng'ombe mgonjwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: kwa uongo mmoja wa heshima nilimnyang'anya miaka yote tuliyosoma pamoja, na hakuwa na macho ya kwenda kuhakikisha.

Jumamosi zilizofuata nilimkuta muuza sabuni amekalia kigoda changu. Alisoma mbio, akiruka mistari, akitafsiri ovyo. Siku moja alifika kwenye habari ya mkubwa mwingine wa mbali, akasema bila kupunguza sauti, "Huyu naye amekufa. Wamempiga risasi."

Nilimtazama mzee kwa hofu. Aliweka kikombe chini taratibu, akasogeza kiti karibu.

"Pole yake," alisema. "Soma tena hapo alipokufa."