Namna Nilivyofungisha Katindo kwa Wimbo Bila Muimbaji

Nitasema yote, hata ile inayonifanya nifunike uso, lakini muniache kwanza nianzie kwa camion. Nilikuwa mutoto wa miaka saba ao munane (mama alikuwa anahesabu kwa mavuno, si kwa karatasi), tunakaa juu ya Kabasha, kule barabara inapopanda kwenda Kanyabayonga, na camion, lori ya kupeleka chumvi na sabuni Butembo, ilikuwa inapita mara moja kwa juma. Ulikuwa huioni. Ulikuwa unaisikia tu, chini kabisa kwenye tambarare ya Rwindi, kama nzi ndani ya chupa, inapotea nyuma ya kona, unasema imekufa, kisha inarudi, imekuwa nene kidogo, inapotea tena, na sisi watoto tumesimama barabarani saa nzima bila kucheza, hata mama zetu wameacha majembe, mpaka inatokea kwa kona ya mwisho na udongo unatetemeka mpaka ndani ya tumbo, na shofere anapiga honi, na sisi tunalia, naapa, tunalia na hatujui tunalia nini. Ilikuwa chumvi na sabuni tu.

Nawaambia hii ya camion juu wengine wanasema akili yangu iliharibika uzeeni. Hapana. Ilianza zamani.

Kazi yangu ni sentinelle, mulinzi wa mulango. Masomo nilifika mwaka wa tatu wa primère (mwalimu alikufa, mwingine hakutumwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi). Nimefungua mulango wa nyumba moja ya Keshero, karibu na ziwa, miaka kumi na moja, wapangaji wanakuja, wapangaji wanaenda, na mulango ni uleule. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu wa inchi za baridi, wa kazi ya kuchimba visima vya maji, mutu wa heshima, na kila dimanshi mchana, baada ya misa, alikuwa anafungua dirisha na kupiga muziki. Dimanshi ya kwanza nikasikia gitare moja inapiga sauti mbili tu, kama mutu mwenye haya anagonga kwa jirani. Ikaingia ya pili. Ikaingia ngoma, polepole. Nikangoja muimbaji. Nikangoja dakika kumi nzima na funguo mukononi, muimbaji hakuja, na mahali pa muimbaji ikatokea ile camion, ileile, na honi yake, na mimi muzee wa wajukuu tisa nikajikuta nimeshika nguzo ya mulango na machozi kwenye ndevu.

Nikamuuliza: «Patron, muimbaji ako wapi?»

Akacheka. Akaniambia hakuna, muziki huu unaitwa posti-roki, na hawa wanaopiga hata kwao hawajulikani, siku aliyowaona walikuwa wanapiga ndani ya depo ya bia mbele ya watu makumi mbili. Nilishangaa siku mbili. Kitu kikubwa namna ile, na watu makumi mbili!

Alipomaliza kontra yake ya kazi akaniachia kadi ya telefone imejaa hao wasiojulikana. Majina yao siwezi kusoma, ni marefu kama litania, basi nikawapa yangu. Kuna Mvua kwa Mabati. Kuna Mama wa Violo, ile fidla ya upinde, yeye anaanza na huzuni na anamaliza na hasira. Kuna Wanne Wasioonana, wanapiga kama kila mutu amefungiwa chumba chake, mpaka wanatoka wote siku moja. Na mukubwa wao wote kwangu ni Watu wa Barafu, wimbo wao mmoja unakata dakika makumi mbili na moja, na ndani yake kuna fasi wananyamaza kabisa, unahesabu mpaka makumi tatu, unasema telefone imezima, kumbe. (Ile «kumbe» siwezi kuiandika. Mutaisikia wenyewe.)

Nikaanza kuhubiri. Sikuacha mutu. Mama Sifa wa mikate nilimuwekea ekuta masikioni, akanirudishia baada ya dakika moja: «Papa, hii ni ya kupimia ekuta?» Shemeji yangu wa Rutshuru akasema ni mbuzi wanagombana ndani ya pipa. Padri akasikiliza kwa adabu, akaniuliza kama ninalala vizuri. Hakuna hata mmoja aliyefika dakika ya tano.

Sasa Furaha. Furaha ni binti wa mudogo wangu, na tangu mudogo wangu afe, mimi ndiye baba. Alikuwa amepata kazi kwa redio moja ndogo ya Katindo, karibu na kambi ya askari, kazi ya kujaribiwa miezi mitatu, na ile samedi, jumamosi, ilikuwa ya mwisho: direkta angesikiliza kutoka nyumbani kwake, na lundi, jumatatu, ampe karatasi ya kazi ao amwambie abaki kwao. Emisio yake ilikuwa ya kualika mutu aje kushauri watu kitu kizuri. Ile samedi mualikwa alikuwa fundi wa jibini wa Masisi, na fundi wa jibini akazimisha telefone. Saa nane Furaha akaniita, sauti yote kilio: «Papa mukubwa, kimbia, kuya na hata ule muziki wako wa kupimia ekuta!»

Mimi nilikimbia? Niliruka.

Studio ilikuwa chumba kimoja, ukutani wamebandika makarto ya mayai, meza, mikro mbili, na ordinatère moja, ile kompyuta ya kupiga muziki. Akaniuliza jina, nikasema Muzee Kambale wa Keshero, akaniuliza nimeletea watu nini, nikasema nimeleta wimbo wa wasiojulikana, watu waache kazi wasikilize. Akaweka kadi yangu ndani ya mashini, Watu wa Barafu wakaanza, na nilikuwa na furaha mpaka masikio yanawaka moto.

Dakika ya pili, kuran, ule umeme wa mji, ikakatika. Mashini na antene zikabaki kwa batri, na batri ile ilikuwa nzee kama mimi. Furaha akatoka nyuma kuvuta kamba ya groupe, ile mashini ya mafuta inayotoa kuran, ikakohoa, ikakataa. Akarudi na mafuta mukononi.

«Papa mukubwa, naenda kuita fundi kwenye kona. Unaona hii kifungo nyekundu? Kila dakika tatu uifinye na useme: munasikiliza redio yenu, huu ni muziki tu, tuko pamoja. Maneno hayo tu. Usiache redio bila sauti ya mutu. Umeshika?»

«Nimeshika, mama.»

Nilikuwa nimeshika kweli. Dakika ya tatu nikapeleka kidole kwa kifungo, na palepale gitare ya pili ikaingia, ile ya mbali, kama mutu anayeita jina lako kutoka upande mwingine wa ziwa, na kidole kikasimama juu. Nani anaongea wakati padri ameinua hostia? Nikasema nitaongea dakika ya sita. Dakika ya sita ilikuwa nzuri kupita ya tatu. Ndugu zangu, kosa langu lote ni lile tu, kidole kusimama juu ya kifungo, mengine yalijizaa yenyewe.

Dakika ya tisa nikachungulia dirishani, na nilichoona sijakiona tena. Kule njiani watu walikuwa wamesimama. Motar mmoja, dereva wa pikipiki, amezima moto yake, redio imewekwa juu ya tanki, kichwa chini. Wake za askari sita ao saba wamekusanyika mulangoni kwa kambi kuzunguka redio moja, mikono kwenye vinywa. Mama mmoja wa samaki, ametoka Kituku na beseni ya sambaza kichwani, amesimama katikati ya barabara kama sanamu, machozi yanashuka. Nikasema: Mungu wangu. Wamefika dakika ya tisa.

Ningebaki kwenye kiti? Nilitoka. Nilitembea katikati yao polepole, kifua mbele kama baba wa bibi arusi, na kwa kila mulango wimbo wangu unatoka, kwa kinyozi, kwa mufundi wa viatu, sauti moja njia nzima, na hakuna mutu anayecheka. Nikamsogelea mama wa samaki, nikamwambia kwa upole: «Mama, bado. Ngoja dakika tano tena. Mwisho wake unapita hii.»

Akanitazama kama niko malaika mubaya. «Papa, weye unajua?»

«Ninajua yote, mama. Niko natoka pale kwa redio.»

Akatua beseni chini, akakimbia. Nikaona huyu amezidiwa na uzuri. (Ndiyo, nilifikiri hivyo. Chekeni.)

Ndipo muzee mmoja wa pansio, askari wa zamani na kofia yake, akanishika mukono. «Mwenzangu, nani amekufa?»

«Hakuna mutu amekufa. Kwa nini?»

«Weye wakati wa Zaïre ulikuwa inchi gani? Redio ikipiga muziki bila muimbaji, na hakuna mutu anasema kitu, si mukubwa amekufa, ao inchi imepinduliwa? Na vita njo ile iko kule juu! Tuko tunangoja watuambie tu.»

Na mimi wakati wa Zaïre nilikuwa hapahapa! Nilikaa kama yeye na wengine wote mbele ya redio za namna ile, tunasikiliza violo siku nzima na kuangaliana. Na siku zile za redio ya Furaha vita ilikuwa karibu, mji ulikuwa unalala na viatu miguuni, mutoto akidondosha sufuria watu wanatafuta makarte zao za utambulisho, na mimi nimewapigia muziki wa maziko kwa redio, nikaenda kutembea kati yao nikitabasamu.

Nikafungua kinywa nimwambie. Na palepale, kwa milango yote, Watu wa Barafu wakanyamaza.

Katindo yote ilinyamaza pamoja nao. Mimi peke yangu, katika mji mzima, nilijua kile kinachokuja. Studio ilikuwa mbali hatua mia mbili na magoti yangu munayajua. Nikaanza kukimbia na kuhesabu: tano, sita, nakanyaga sambaza, kumi, kumi na moja, kandambili moja inabaki nyuma, makumi mbili, «Batu! Ni muziki tu!», lakini nani anamsikiliza muzee mwenye kandambili moja?

Makumi tatu.

Ilitoka kwa redio zote pamoja. Nilikuwa nimeisikia mara mia kwa ekuta ndogo, sikujua ukubwa wake. Ilishuka toka kambini mpaka barabara kubwa kama mlima umepasuka, na chini yake milango ya chuma ya maduka ikashushwa kwa kishindo mmoja baada ya mwingine, mapigo kwa mapigo, na moto za motar wote zikawaka, na wake za askari wakatoka na matela, magodoro yao, kichwani, na kinyozi akakimbia na mutu wake amenyolewa upande mmoja, huyo mutu mbele, kinyozi nyuma. Mungu anisamehe, nilisimama. Kati ya aibu yote ile nilisimama dakika nzima, juu sikuwahi kusikia kitu kizuri namna ile, na najua sitasikia tena.

Kisha ikakatika, na sauti ya Furaha ikatoka kwa milango yote, anahema: «Wapendwa, mutulie, hakuna mutu amekufa, hakuna kitu kinakuya! Ni muziki tu, ulichaguliwa na mualikwa wetu, Muzee Kambale, sentinelle wa Keshero!»

Yule muzee wa pansio akanielekezea fimbo. «Si ni huyu, mwenye kusema anatoka kwa redio?»

Njia nzima ikageuka. «Ni weye, papa? Ni weye umetubebesha matela?» «Muzee, kwako batu banakufaka na gitare?» «Angalieni miguu yake!» Nikapita kati yao na kandambili moja, mpaka kwa mulango wa redio.

Direkta alikuwa ameshafika juu ya moto yake, shati amevaa nje-ndani. Furaha amesimama mbele yake, mafuta mikononi.

«Ulimuacha nani kwa mikro?»

«Hakuna mutu, direkta. Kosa ni yangu.»

Alikuwa ananificha, mutoto ule. Miezi mitatu yake yote alikuwa anaitupa ili mimi nisipate aibu kidogo zaidi ya ile niliyokuwa nayo. Nilinyamaza wakati wa kusema, na sasa nikanyamaza tena kwa kupumua moja, nakiri, nikamtazama mudogo wangu kwenye uso wa mutoto wake.

«Ni miye,» nikasema. «Aliniambia niseme kila dakika tatu. Nilikataa.»

«Ulikataa juu ya nini, muzee?»

«Direkta, haikuwa na fasi ya kuweka neno.»

Akafuta jasho, akasema: «Mutoto atabaki. Lakini weye, siku nitakuona tena kwa hii mulango, na yeye anatoka nyuma yako. Tumesikilizana?»

Tulisikilizana. Furaha akaanza: «Papa mukubwa, kadi yako iko ndani ya...» Nikamuinulia mukono anyamaze. Wote walibaki mule, Mvua kwa Mabati, Mama wa Violo, Wanne Wasioonana, na sikugeuka kuwachukua. Nikaapa palepale, kwa mudogo wangu aliye kaburini, sitamshauri tena mutu yeyote muziki, hata akiwa anakufa kwa kukosa.

Kwa njia watu walikuwa wanarudisha matela. Yule motar, bado na redio juu ya tanki, akanipungia mukono.

«Muzee! Banaitwa nani, bale ba gitare? Iko ingine?»

Miaka yote ile hakuna mutu aliyewahi kuniuliza. Nikavua kandambili iliyobaki, nikaishika mukononi, nikashika njia ya Keshero bila kumjibu, na Katindo sijakanyaga tena.