Helmeti ya Mama Nekesa Ilibeba Mayai

Admin, ficha jina langu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, natoka upande wa Chwele, na tangu nizaliwe hakuna mwanamke amewahi kunitoa machozi.

Sawa, huo ni uongo. Nimelia leo asubuhi jikoni kwa binti yangu Nekesa, huku Kibomet, Kitale. Aliponikuta nikasema ni kitunguu. Akaangalia meza, akaangalia sufuria. Nyumba nzima haikuwa na kitunguu. Shule niliiacha darasa la nne, na shule nayo haikunitafuta, kwa hivyo mkiona maandishi yamepinda, someni hivyo hivyo. Naandika kwa kidole kimoja.

Bibi yangu ni Mama Nekesa, mtu wa kuku. Siku ya soko alikuwa anapeleka mayai ya kienyeji Chwele kwa boda ya kijana wa jirani. Huyo nitamwita Simiyu, kwa sababu Bungoma ukirusha jiwe gizani lazima umgonge Simiyu. Ni kijana wa sheria, ana helmeti yake na nyingine ya abiria. Sasa siku hiyo kikapu kilikuwa kimejaa mboga za sukuma na jogoo mmoja mkorofi, wa kukanyaga kila kitu. Mama Nekesa akachukua ile helmeti ya abiria, akaipindua, akatandika maganda ya mahindi, akapanga mayai ndani, akaipakata kama mtoto mchanga.

Nikamwambia, "Mama, mayai yamevaa helmeti. Na wewe je?"

Akanijibu, "Kichwa changu kimegongwa na maneno yako miaka hii yote na hakijapasuka. Yai litaweza hiyo?"

Simiyu akacheka mpaka pikipiki ikazima. Akaiwasha tena, wakaenda.

Kabla hawajafika sokoni, pikapu ya kabichi iliwagonga kwa nyuma kwenye kona. Simiyu alirushwa mtaroni akazimia, lakini kilichopasuka ni helmeti yake, si kichwa. Leo anatembea. Mama Nekesa aliangukia kisogo, mikono bado imeikumbatia ile helmeti. Waliofika pale wanasema hakuna yai hata moja lililovunjika. Najua mnataka kucheka. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka mara moja, halafu sikuweza kunyamaza vizuri.

Tangu atoke hospitali tuko naye hapa kwa Nekesa. Siku hizi anaoga mwenyewe, anakula, anaimba nyimbo za kanisa bila kukosea. Mimi tu ndiye hanijui. Kila asubuhi ananiambia, "Karibu mgeni, keti. Mwenye nyumba ametoka kidogo."

Namuuliza, "Atarudi saa ngapi?"

"Hakawii, huyo. Ameenda tu kusumbua watu."

Basi naketi, namngoja huyo mwenye nyumba pamoja naye.

Tulienda kwa wakili Bungoma kudai fidia kwa bima ya ile pikapu, maana matibabu ya kichwa hayana mwisho.

"Mzee, mama alikuwa amevaa helmeti?"

"Alikuwa nayo."

"Sijauliza kama alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo karibu sana, wakili."

Hakucheka. Akanieleza polepole kwamba sheria inataka abiria naye avae. Pikapu ina makosa, ndiyo, lakini watu wa bima watasema kichwa kiliumia vile kwa sababu kilikuwa wazi. Korti ikikubali, sehemu ya lawama inamwangukia mama mwenyewe, na fidia inakatwa kwa kiasi hicho. Nikauliza kama hiyo lawama haiwezi kugawiwa mayai. Akafunika kalamu yake.

Simiyu akaja huku Kibomet na ile helmeti ndani ya gunia. "Mzee, hii kitu iko safi sana, bana. Haina hata alama. Gongagonga na jiwe kidogo, mimi nitaapa alikuwa ameivaa. Si hata mimi nitashikwa ati nilibeba mtu bila?"

Nekesa naye akasema, "Baba, gonga. Ukweli utamnunulia mama dawa?"

Nikavaa viatu. Kwa kawaida mimi huwa na jibu hata kwa swali aliloulizwa mtu mwingine.

Nikachukua jiwe, nikaenda nyuma ya nyumba. Mama Nekesa alikuwa ameketi anaota jua. Nikaweka helmeti chini, nikainua jiwe.

"Wewe mgeni! Polepole, kuna mayai ndani!"

Akainuka, akaninyang'anya, akaipakata vile vile kama siku ile, mkono mmoja chini, mwingine juu. Mimi hanijui. Mayai anayajua.

Mpaka sasa helmeti iko kitandani kwake, na hataki iguswe. Nikisema ukweli, fidia itakatwa, matibabu yatakatika, na Nekesa hataniangalia usoni tena. Nikiigonga, nitakuwa nimevunja kitu cha mwisho anachokumbuka, halafu nisimame kortini na Biblia mkononi niseme alikivaa. Nyinyi wenye masomo na bando, hebu niambieni, nigonge au niiache?

Na kuna mmoja kati yenu namtafuta. Helmeti ilirudi nyumbani na maganda ya mahindi peke yake. Wewe uliyeyachukua yale mayai pale kwenye kona, sikudai hata moja. Yalikuwa mazuri, najua, kuku wetu hawadanganyi. Lakini ili uyatoe ilibidi uinamie uso wake, na Simiyu anasema alipozinduka alimsikia mama akiongea na mtu. Kwa hayo mayai una deni langu dogo. Niandikie hapa chini alikuambia nini. Na kama aliita jina, lilikuwa la nani.